Mtoto analiona gari, lakini kasi yake haioni

Karibu kila mzazi mwenye mtoto wa shule ya msingi amewahi kumfundisha maneno haya: simama, angalia kulia, angalia kushoto, angalia tena kulia, kisha vuka. Mtoto huyashika haraka, na kwa siku mbili tatu za mwanzo huyarudia kwa sauti kila afikapo ukingoni mwa barabara.

Jambo ambalo halisemwi ni kwamba mtoto anaweza kuyafanya yote hayo, akaliona gari, akadhani liko mbali, akavuka na bado akagongwa. Huenda hakuna utundu wowote hapo, wala kutosikia la mkuu. Macho na ubongo wake havijakomaa kiasi cha kupima kasi ya kitu kinachomjia.

Hilo si jambo dogo. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), ajali za barabarani huua watu takriban milioni 1.19 kila mwaka duniani, na ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wenye umri wa miaka mitano hadi 29. Zaidi ya nusu ya wanaokufa hawakuwa ndani ya gari. Walikuwa wakitembea kwa miguu, wakiendesha baiskeli au wakiwa juu ya pikipiki.

Kwa familia ya Kitanzania, makundi hayo si ya watu wa mbali. Baba anaweza kuwa dereva, mama akapanda daladala na kumalizia safari kwa miguu, kijana akaenda sekondari kwa baiskeli na mdogo wake akavuka barabara mara mbili kwa siku kwenda na kurudi shule. Nyumba moja ina watumiaji wote wa barabara.

Kwa nini mtoto hukosea

Watafiti wa Royal Holloway, Chuo Kikuu cha London, walichapisha mwaka 2011 matokeo ya utafiti uliowalinganisha watoto wa shule ya msingi na watu wazima katika uwezo wa kutambua gari linalowajia. Watu wazima walimudu hata pale gari lilipokuwa na kasi ya takriban kilomita 80 kwa saa. Kwa watoto, makadirio yalianza kutoaminika mara tu kasi ilipozidi takriban kilomita 30 kwa saa, gari likiwa umbali wa sekunde tano kutoka walipo.

Sababu yake ni rahisi kueleza. Gari linalopita mbele ya mtu huonekana likihama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na hapo hata mtoto hujua linakwenda mbio. Lakini gari linalomjia mtu moja kwa moja halionekani kuhama. Dalili pekee ni kwamba umbo lake linazidi kuwa kubwa machoni.

Sasa, gari lenye kasi ya kilomita 50 kwa saa, likiwa umbali wa sekunde tano, liko takriban mita 70. Lenye kasi ya kilomita 80 kwa saa liko takriban mita 110. Huko mbali umbo lake ni dogo, na linakua polepole sana machoni. Kwa hiyo gari lililo hatari zaidi ndilo linaloonekana kama limetulia, na mtoto huvuka akiamini ana nafasi ya kutosha.

Kuna pia suala la kimo. Mtoto wa darasa la kwanza aliyesimama kati ya magari mawili yaliyoegeshwa haoni kinachokuja, na dereva hamuoni yeye. Jicho la mtoto liko usawa wa boneti.

Kuvuka barabara ya kawaida yenye upana wa mita saba humchukua mtoto anayetembea takriban sekunde saba. Katika sekunde hizo, gari lenye kasi ya kilomita 50 kwa saa hutembea karibu mita 97, yaani urefu unaokaribia uwanja wa mpira wa miguu. Likiwa na kasi ya kilomita 80 hutembea mita 155. Mtoto wa miaka saba anatakiwa asimame ukingoni, aukadirie umbali huo na asikosee hata mara moja katika mwaka mzima wa masomo. Ni mtihani mgumu kuliko wowote anaoupata darasani.

Mita 15 za dereva

Upande wa pili wa usukani nako kuna hesabu. Mtu mzima mwenye akili timamu, asiyelewa na asiyeshika simu, huhitaji takriban sekunde moja kuona hatari, kuamua na kuhamisha mguu hadi kwenye breki. Katika sekunde hiyo gari halijaanza kupunguza mwendo hata kidogo.

Kwa kasi ya kilomita 30 kwa saa, gari hutembea mita nane katika sekunde hiyo, kisha huhitaji takriban mita tano kusimama kama lami ni kavu, breki ni nzima na matairi hayajaisha. Jumla ni mita 13. Kwa kilomita 50 kwa saa, hutembea mita 14 kabla breki hazijashika na nyingine 14 hadi kusimama, jumla mita 28. Kwa kilomita 80 jumla inakaribia mita 58.

Chukulia mtoto amechomoka mita 15 mbele ya gari. Dereva wa kilomita 30 atasimama, moyo ukimwenda mbio, mtoto akiwa mzima mbele yake. Dereva wa kilomita 50 atakuwa ndiyo kwanza mguu wake umegusa breki, hivyo atamgonga mtoto kwa kasi inayokaribia ile ile aliyokuwa nayo. Madereva wote wawili wanaweza kuwa hodari na wote wawili wakawa makini. Kilichowatofautisha ni mwendo.

Mwili nao una kikomo chake. WHO inaeleza kuwa uwezekano wa mtembea kwa miguu kufa huongezeka mara nne na nusu pale kasi ya gari linalomgonga inapopanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa. Tofauti hiyo ya kilomita 15 wengi huiona ndogo wanapochelewa kazini.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Hata hivyo, ukomo ni kiwango cha juu kabisa, si mwendo ambao dereva analazimika kuufikia. Mbele ya shule, sokoni, kwenye kituo cha daladala au jirani na nyumba ya ibada watu wanapotoka, kilomita 50 bado ni nyingi. Mwaka 2020 mawaziri na wajumbe wa nchi mbalimbali waliokutana Stockholm, Sweden, walihimiza kasi isizidi kilomita 30 kwa saa pale magari yanapochangamana na watu wanaotembea na wanaoendesha baiskeli, isipokuwa kama kuna ushahidi kuwa kasi kubwa zaidi ni salama.

Mwenye nguvu mpishe?

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe, na barabarani methali hiyo imegeuka sheria isiyoandikwa. Lori humpigia honi daladala, daladala humbana bajaji, bodaboda humsukuma mwenye baiskeli pembeni, na mwenye baiskeli humkemea mtembea kwa miguu. Aliye chini kabisa katika mlolongo huo ni mtoto mwenye begi mgongoni.

Sheria inataka kinyume chake. Kwenye kivuko cha pundamilia, gari ndilo linalosimama, na anayevuka hana haja ya kuomba. Busara inataka hivyo pia, kwa kuwa mwenye chombo kizito ndiye mwenye uwezo wa kuua, hivyo wajibu wake wa kujizuia ni mkubwa zaidi. Hilo halimwondolei mtembea kwa miguu wajibu wake, lakini linaweka wazi nani aanze.

Yapo mambo machache ambayo dereva akiyafanya yataokoa maisha bila kumgharimu chochote.

La kwanza, gari likisimama kwenye pundamilia, aliye nyuma au pembeni yake asilipite. Katika barabara zenye njia mbili kila upande, hatari kubwa haitokani na gari lililosimama. Hutokana na lile la njia ya pili, ambalo dereva wake hajui kwa nini mwenzake amesimama. Mtoto huonekana ghafla akitokea mbele ya gari la kwanza, na muda wa kufunga breki huwa umekwisha.

La pili linahusiana na hilo. Dereva muungwana hupenda kumpungia mtoto mkono avuke. Nia ni njema, lakini mtoto huutafsiri mkono huo kuwa barabara nzima ni salama, kumbe dereva amezungumzia njia yake tu. Inatosha kusimama kabisa, kuwasha taa za tahadhari na kumwacha mtoto aangalie mwenyewe.

La tatu, honi si breki. Mtoto anayepigiwa honi katikati ya barabara anaweza kukimbia mbele, kurudi nyuma au kuganda pale pale, na hata yeye hajui atafanya lipi.

La nne, daladala linaposhusha abiria, anayelipita apunguze mwendo. Abiria aliyeshuka mara nyingi huvuka akipita mbele ya basi hilo hilo.

La tano ni mlango. Dereva aliyeegesha pembeni ya barabara aufungue mlango wa kulia kwa mkono wa kushoto. Kufanya hivyo kunamlazimisha kugeuza mwili na macho kuelekea nyuma, hivyo atamuona mwenye baiskeli au bodaboda anayekuja kabla hajamfungulia mlango usoni. Abiria wa kushoto atumie mkono wa kulia.

Nafasi ya mwenye baiskeli

Baiskeli ni chombo cha magurudumu mawili kinachoyumba. Huyumba zaidi inapobeba ndoo za maji, kreti za soda au gunia la mkaa, na huyumba ghafla inapokwepa shimo au mchanga uliomwagika pembezoni mwa lami. Dereva anayempita mwendesha baiskeli kwa kumkaribia kiasi cha kumgusa kwa kioo cha pembeni anadhani yule atakwenda mstari ulionyooka, jambo lisilowezekana.

Ujerumani imeandika katika kanuni zake kwamba gari linapompita mwenye baiskeli mjini liache angalau mita moja na nusu, na nje ya mji mita mbili. Mita moja na nusu ni kama urefu wa mtoto wa miaka 13 aliyelala chini kati ya gari na baiskeli. Kama nafasi hiyo haipo, anayefuata nyuma asubiri. Kusubiri huko mara nyingi ni kwa sekunde chache tu.

Mwenye baiskeli naye ana yake. Kosa linaloonekana sana ni kuendesha upande wa kulia, akikutana na magari uso kwa uso, kwa imani kwamba ni salama zaidi kuyaona yakija. Kanuni hiyo ni ya mtembea kwa miguu. Pasipo na njia ya pembeni, anayetembea hutakiwa kupita upande wa kulia ili ayaone magari yanayomjia. Baiskeli ni chombo, nayo hutakiwa kupita kushoto pamoja na vyombo vingine. Dereva anayeingia barabara kuu huangalia upande ambao vyombo hutarajiwa kutokea, na anayekuja kutoka upande usiotarajiwa haonekani.

Hatari nyingine ni lori kwenye makutano. Lori linapokata kushoto, gurudumu lake la nyuma hupita ndani zaidi kuliko la mbele, na dereva aliyeketi kulia, juu kabisa, haoni kilicho chini ya mlango wa kushoto. Mwenye baiskeli aliyejipenyeza upande huo wakati wa foleni hana pa kutokea. Ni heri kubaki nyuma ya lori, mahali ambapo dereva anaweza kuonekana kwenye kioo chake. Kama uso wa dereva hauonekani kiooni, naye hamuoni aliye nyuma.

Mzazi anayempa mtoto baiskeli aangalie kwanza kama inamfaa kimo. Watoto wengi huanza na baiskeli ya baba, mguu mmoja ukipitishwa katikati ya fremu. Uwanjani huo ni ujanja wa kujivunia. Barabarani ni hatari, kwa kuwa mtoto hawezi kusimama ghafla wala kuweka mguu chini. Breki zote mbili zishike, kuwe na kengele, taa ya mbele na kiakisi chekundu nyuma.

Safari ya kwenda shule

Wanafunzi wengi huondoka nyumbani saa 12:00 asubuhi au kabla, mwanga ukiwa bado hafifu. Shati jeupe la sare, ambalo lingewafanya waonekane, hufunikwa na sweta la rangi ya giza. Begi la rangi angavu, utepe unaoakisi mwanga ulioshonwa mgongoni, au hata kitambaa cheupe kilichofungwa kwenye begi husaidia dereva kumuona mtoto mapema.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka tisa au kumi, ushauri ni mmoja: asivuke barabara yenye magari mengi peke yake. Kumtuma dada au kaka wa darasa la tatu amshike mkono mdogo wake wa awali ni kuwapa watoto wawili kazi ambayo hata mmoja haiwezi. Wazazi wa mtaa mmoja wanaweza kupokezana, leo mama huyu awavushe watoto wote, kesho baba yule. Si lazima kila mzazi achelewe kazini kila siku.

Mazoezi nayo yafanyike barabarani, si sebuleni. Mzazi atembee na mtoto njia nzima ya shule na kumwonyesha mahali pa kuvukia, hata kama ni mbali kidogo. Amfundishe kusubiri daladala liondoke kabla ya kuvuka. Amfundishe pia kwamba akifika usawa wa gari lililosimama kwenye pundamilia, asimame tena na kuchungulia njia ya pili. Na aeleze kwa lugha rahisi kwamba kama gari linaonekana popote barabarani, hata likiwa dogo kule mbali, bora lipite kwanza.

Mtu mzima naye aoneshe mfano. Mtoto anayeburutwa mkono kuvuka mbio katikati ya magari, huku mzazi akiongea na simu, amefundishwa somo siku hiyo.

Barabara inayomsamehe anayekosea

Kwa kuwa watoto watakosea, barabara yenyewe nayo yapasa kusaidia. Dar es Salaam ina mfano unaotajwa duniani. Shirika lisilo la kiserikali la Amend limekuwa likikagua maeneo ya shule zilizo katika hatari na kuyafanyia marekebisho: matuta, vivuko, njia za watembea kwa miguu, nguzo za kuzuia magari yasipande pembeni, na alama. Tathmini ya mpango huo ilionesha kuwa majeraha yalipungua kwa angalau asilimia 26, na mwaka 2019 ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji inayotolewa na taasisi ya World Resources Institute.

Matuta na nguzo si teknolojia ya ajabu. Mzazi anayetaka hivyo mbele ya shule ya mwanawe aanze na kamati ya shule na ofisi ya serikali ya mtaa, barua iandikwe ikieleza watoto wangapi huvuka, saa ngapi na wapi hasa. Kisha ajue barabara ni ya nani. Barabara kuu na za mikoa zinasimamiwa na TANROADS, na zile za mijini na vijijini zinasimamiwa na TARURA. Barua iliyokwenda ofisi isiyohusika hukaa mezani.

Na njia za pembeni zilizopo ziachwe zitumike. Gari lililoegeshwa juu yake, bidhaa zilizopangwa au bodaboda inayokwepa foleni humshusha mtoto barabarani, na hapo ndipo anapogongwa.

Mtoto akigongwa

Jambo la kwanza ni kuzuia ajali ya pili kwa kusimamisha magari. Aliyelala asinyanyuliwe wala kukalishwa haraka, hasa akilalamika maumivu ya shingo au mgongo, kwa kuwa kumgeuza vibaya kunaweza kuumiza uti wa mgongo. Penye damu nyingi pakandamizwe kwa kitambaa safi bila kuachia. Asipewe maji wala chakula. Polisi hupatikana kwa simu namba 112.

Mtoto aliyegongwa akainuka, akajifuta vumbi na kusema yuko salama, bado apelekwe kituo cha afya. Damu inaweza kuvuja ndani ya fuvu au tumboni bila kuonekana. Kwa saa 24 zinazofuata aangaliwe kwa karibu. Akitapika mara kwa mara, akilala kuliko kawaida au akiwa mgumu kuamka, akichanganyikiwa, akipata degedege, kichwa kikizidi kuuma, au maji na damu vikitoka puani au masikioni, arudishwe hospitali wakati huo huo, hata kama ni usiku wa manane.

Dereva aliyesababisha ajali atatakiwa kueleza mwendo aliokuwa nao. Wengi hujibu kwamba walikuwa na mwendo wa kawaida. Kwa mtoto wa miaka saba aliyesimama ukingoni, mwendo wa kawaida ni ule ambao macho yake yanaweza kuupima, nao hauzidi kilomita 30.